Maswali ya Wasomaji: Kumpata mkurugenzi wakati uchumi unayumba

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jinsi ya kumpata kiongozi wa juu wakati fedha ni chache na bajeti ya mwaka ujao haitabiriki. Tumechagua nne.

Sisi ni familia yenye kiwanda cha kukamua alizeti. Baba yetu, mwanzilishi, ana miaka 71 na anataka kupumzika. Tulitangaza nafasi ya mkurugenzi mtendaji tukapata maombi zaidi ya mia mbili. Anayetuvutia anatoka kampuni kubwa ya kimataifa, lakini mshahara anaoutaka unatutisha. Bei ya mbegu haitulii, na ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje hubadilika bajeti hadi bajeti. Tusubiri hali itulie au tuajiri sasa? — Msomaji, Singida

Anzeni sasa, ila msimwajiri huyo wala mwingine yeyote kabla hamjaiandika kazi yenyewe. Hamwezi kujua hali itatulia lini, lakini msimu wa mbegu mnaujua. Wakulima huvuna kuanzia Mei hivi, na kiwanda kisicho na fedha taslimu miezi hiyo huja kununua baadaye kwa bei ya walanguzi. Mkurugenzi atakayeingia Aprili hawezi tena kuuokoa msimu huo. Pigeni hesabu kurudi nyuma: kutangaza, kusaili na kuamua huchukua miezi mitatu hadi minne, na mtu wa ngazi hiyo mara nyingi anadaiwa notisi ya mwezi mmoja hadi mitatu anakotoka. Mkitaka awe kazini Januari ili apange mkopo wa msimu, kazi ya kumtafuta ianze Juni.

Kazi yenyewe iandikwe kwenye ukurasa mmoja, kwa miezi 18 ijayo, na kila mstari uwe na namba au tarehe. Kwenu unaweza kusomeka hivi: mkopo wa kununulia mbegu uwe umesainiwa ifikapo Machi, wateja wa jumla walipe ndani ya siku 30 badala ya 60, mashudu yauzwe kwa mkataba, yasisubiri mnunuzi apite getini, kufikia mwezi wa 18 awepo msaidizi anayeweza kukaimu kwa wiki sita bila benki kuuliza maswali. Tangazo la kutafuta "kiongozi mwenye maono na uzoefu wa miaka kumi" humfaa kila mtu, ndiyo maana mkapata maombi mia mbili. Chukueni ukurasa huo mkayachambue upya maombi mliyonayo.

Huyo wa kampuni kubwa anaweza kufaa sana, au asifae kabisa. Alikotoka kuna idara ya fedha, ya manunuzi na ya sheria. Kwenu yeye ndiye atakayempigia simu meneja wa benki, na lori likikwama na shehena ataulizwa yeye. Kila anapotaja mafanikio mwulizeni: hilo ulilifanya mwenyewe, au kulikuwa na watu wangapi chini yako? Fedha zilipokata, ulimlipa nani kwanza na nani ulimwomba asubiri? Aliyepitia ukata hulijibu swali hilo la pili kwa tarehe na viasi. Asiyeupitia atawasimulia umuhimu wa mawasiliano.

Wasaili wawe watatu hadi watano, na angalau mmoja asiwe wa familia. Maswali yawe yale yale kwa kila mtu, kwa mpangilio ule ule, na kila jibu lipewe alama 1 hadi 5 kwa kipimo mlichokiandika mapema. Kila msaili aandike alama zake kabla ya yeyote kufungua mdomo, kwa sababu mzee akishasema "huyu kijana nimempenda", alama za wengine hupanda. Tafiti za muda mrefu kuhusu ajira zinaonyesha kwamba usaili uliopangwa namna hii hubashiri utendaji kazini vizuri kuliko mazungumzo yasiyo na mpango.

Wawili au watatu wa mwisho wapeni kazi ya kufanya. Wasaini ahadi ya kutunza siri, wapewe hesabu zenu za miaka miwili na saa 48, kisha walete mpango wa fedha zinazoingia na kutoka kwa wiki 13, pamoja na maamuzi matatu ambayo wangeyafanya siku 30 za mwanzo. Mtu akileta slaidi za mkakati bila jedwali la fedha, mmeshajua.

Vyeti vihakikiwe Baraza la Mitihani (NECTA) na chuoni kwenyewe, shahada ya nje ipitie Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na akijiita mhasibu ulizeni bodi ya wahasibu, NBAA. Wadhamini aliowaandika watamsifu tu. Ombeni ridhaa yake ya maandishi mzungumze na wengine mtakaowachagua wenyewe, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu nanyi pia. Swali linalofaa kuliko yote ni hili: ungemwajiri tena, na kwa kazi gani?

Kuhusu mshahara, msiuangalie peke yake. Juu yake kuna mchango wa mwajiri wa NSSF usiopungua asilimia 10, tozo ya maendeleo ya ujuzi na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF. Mpeni mshahara wa msingi mnaoweza kuulipa hata mwaka mbaya, kisha bonasi inayopimwa kwa fedha zilizokusanywa. Msiipime kwa mauzo, maana mauzo ya mkopo hupaa kirahisi na hasara huonekana mwaka unaofuata. Nusu ya bonasi ilipwe hesabu zikishakaguliwa, nusu baada ya miezi 12.

Sheria ya Tanzania inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa kada ya menejimenti na wataalamu. Miaka miwili au mitatu inatosha. Mtego uko mwishoni. Mkimpa matumaini ya wazi kwamba mtaendelea naye, kisha mkamwacha siku ya mwisho, anaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai kwamba alikuwa na sababu ya kutarajia kuongezewa muda. Andikeni kwamba mazungumzo ya mkataba mpya yatafanyika miezi mitatu kabla. Kipindi cha majaribio kisizidi miezi 12, lakini mfanyakazi akitimiza miezi sita anapata ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo tathmini zenu zifanyike mwezi wa pili, wa nne na wa tano. Hata ndani ya majaribio, mwambieni kasoro kwa maandishi, msikilizeni na mpeni muda wa kurekebisha.

Limebaki la baba yenu, na ndilo linaloangusha wakurugenzi wengi wa viwanda vya familia. Mzee amestaafu, lakini kila asubuhi yuko getini anatoa maagizo, na mafundi wanamsikiliza yeye. Mpeni uenyekiti wa bodi wenye tarehe ya mwisho, kikao kimoja na mkurugenzi kila wiki, na waraka wa mamlaka unaosema mkurugenzi anaidhinisha malipo hadi kiasi gani peke yake na yapi yaende bodi. Mzee asaini waraka huo kabla ya mkurugenzi kusaini mkataba. Asipokubali, bado hamko tayari kuajiri.

Shirika letu la afya lilipoteza sehemu kubwa ya fedha Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025. Sasa mkurugenzi ameaga. Wajumbe wengine wa bodi wanataka kaimu, wengine wanataka tutangaze nafasi mara moja. — Mjumbe wa bodi, Kisumu

Wekeni kaimu wiki hii. Tangazo lisubiri hadi mjue shirika litabaki na wafanyakazi wangapi na kaunti zipi, kwani mtu wa kuongoza watu 30 huwa si yule wa kuongoza 200, na mshahara wake si ule ule.

Kuna njia mbili, na zote zimewahi kutumika vizuri. Bob Collymore, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya simu ya Safaricom, alipofariki tarehe 1 Julai 2019, bodi ilimrudisha Michael Joseph, aliyewahi kuiongoza kampuni hiyo, ashike nafasi kwa muda. Peter Ndegwa alitangazwa kuwa mkurugenzi mpya Oktoba na akaanza kazi tarehe 1 Aprili 2020. Kwa miezi tisa hiyo bodi ilitafuta bila papara. Benki ya NMB ya Tanzania ilipita kwingine: Ruth Zaipuna, aliyekuwa ofisa mkuu wa fedha wa benki hiyo, alikaimu kwanza, ndipo akathibitishwa mwaka 2020.

Amueni siku ya kwanza ni ipi kati ya hizo. Kama kaimu anaruhusiwa kuomba nafasi, aambiwe hivyo, na asishiriki kuandika tangazo wala kuchagua wasaili. Kama haruhusiwi, aambiwe pia, na barua yake itaje cheo atakachorudia. Barua isiyotaja tarehe ya mwisho, mipaka ya kusaini, posho ya kukaimu na mahali pa kurudi ndiyo humfanya kaimu aogope kuamua chochote, na shirika lililokatiwa fedha haliwezi kukaa miezi sita bila maamuzi. Lengeni miezi sita, iongezwe mara moja tu.

Kabla hamjasaili mtu yeyote, pigeni hesabu ya deni la kupunguza wafanyakazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inadai notisi ya angalau mwezi mmoja, kwa mfanyakazi au chama chake na kwa afisa wa leba pia, pamoja na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi. Mkurugenzi mpya atayarithi hayo yote. Mkimficha, ataondoka akishaiona hesabu, nanyi mtaanza upya bila akiba.

Kampuni ya kutafuta watendaji inataka asilimia 30 ya mshahara wa mwaka, theluthi moja ilipwe kabla ya kazi. Ni haki? — Meneja rasilimali watu, Dar es Salaam

Kiwango hicho ni cha kawaida. Wengi hutoza kati ya robo na theluthi. Kwa mshahara wa shilingi milioni 10 kwa mwezi, asilimia 30 ni milioni 36. Awamu ya mwisho ilipwe siku mtu atakapoanza kazi, maana kusaini ofa hakumzuii kubadili mawazo. Ulizeni nani hasa atapiga simu kwa watu, kwani anayekuja kuuza huduma mara nyingi siye anayeifanya. Mkataba utamke kwamba mtu akiondoka au kuondolewa ndani ya miezi 12 watatafuta mwingine bila ada mpya, na kwamba hawatamchukua mfanyakazi wenu kwa mteja mwingine kwa miaka miwili. Daini pia orodha ya wote waliofikiwa na sababu za waliokataa. Sababu hizo huwaonyesha soko linawaonaje. Mwombaji halipi chochote. Wakala anayemtoza mwombaji muacheni.

Mimi ni meneja wa fedha. Kampuni moja ya usafirishaji shehena, ambayo nasikia imeyumba, imenipa ofa ya ukurugenzi. Niulize nini kabla ya kuacha kazi? — Msomaji, Mombasa

Dada, omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, hesabu za ndani za miezi mitatu iliyopita, barua za mikopo ya benki na masharti yake, cheti cha mamlaka ya mapato (KRA) cha kutodaiwa kodi, na uthibitisho kwamba NSSF, bima ya afya ya SHIF na ushuru wa nyumba vimelipwa hadi mwezi uliopita. Kampuni inayokata makato ya wafanyakazi bila kuyapeleka huwa imekaukiwa, chochote inachosema mdomoni. Ongea na aliyekutangulia. Wakikukataza, uliza kwa nini.

Angalia sana majaribio. Kwa sheria ya Kenya yanaweza kuwa miezi sita, na kuongezwa hadi jumla ya 12 ukikubali, na ndani yake unaweza kuachishwa kwa notisi ya siku saba tu. Unaacha kazi ya kudumu, kwa hiyo omba majaribio yafutwe, au notisi iwe miezi mitatu kwa pande zote tangu siku ya kwanza. Omba pia bima ya dhima ya wakurugenzi, na kifungu cha malipo iwapo kampuni itauzwa.

Wakikupa mshahara uliofungwa kwa dola usiushangilie haraka. Dola ilikaribia shilingi 160 za Kenya Januari 2024, na katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 130. Mtu anayelipa karo na kodi ya nyumba kwa shilingi alipoteza karibu moja ya tano ya mshahara wake. Na barua ya kuacha kazi iandike ukishashika mkataba uliosainiwa na mwenyekiti wa bodi. Ofa ya simu au ya barua pepe isikufanye uitoe.