Shangazi, nijitambulisheje?

Sijui mmeambiana wapi, lakini barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja, mtu akisimamishwa mbele za watu aseme yeye nani anaishiwa maneno. Jina analo, kazi anayo, marafiki anao, ila akiambiwa "haya jitambulishe" anaangalia viatu. Nimechagua nne. Ya kwanza ndefu kwa sababu ina moto.

Shangazi shikamoo. Mimi kijana wa miaka 29 naishi Tabata, ni fundi friji na AC, nilisoma VETA Chang'ombe nikafika level 2, saa hizi nina kibanda changu na vijana wawili nawafundisha. Nina mchumba tumeelewana vizuri tu, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi naenda kwao Same kujitambulisha. Sasa juzi ndo ananiambia eti baba yake aliuliza mkwe anafanya kazi gani, akajikuta amesema injinia. Injinia wa ubaridi! Mzee ni mwalimu mstaafu na kashawatangazia mpaka majirani. Mchumba anasema tuache hivohivo, nikiulizwa niseme nipo kwenye mambo ya uinjinia nisiingie ndani sana. Rafiki zangu wamegawanyika, mmoja anasema kazi ni kazi nikaseme ukweli, mwingine anasema ukweli nitausema mahari ikishapokelewa. Sijalala siku tatu. Nifanyeje?
Fundi Baridi, Tabata

Marahaba mwanangu. Ngoja kwanza nicheke, injinia wa ubaridi, huyo binti ana kipaji. Haya nimemaliza.

Injinia hapa kwetu sio neno la kujipachika kama bosi au mkuu. Kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi na kuna sheria yake ya mwaka 1997, mtu anasajiliwa kwanza ndo anajiita hivyo. Na umesema mzee ni mwalimu mstaafu, unajua maana yake lakini? Mwalimu mstaafu ana wanafunzi wake kila ofisi nchi hii, akitaka kukujua anapiga simu mbili tu kabla chai haijapoa. Kwaiyo habari ya kusubiri mahari ipokelewe iache, na huyo rafiki aliyekushauri usiende naye Same, mwache Tabata alinde kibanda.

Siku yenyewe wala wewe huongei sana, wasiwasi wako mkubwa kuliko kazi uliyopangiwa. Utakaa pale na suti yako umebana magoti, mshenga ndo atasema tulikuwa tunapita njia tukaona ua zuri kwenye bustani hii, wenyeji watajifanya hawajui ua gani, wataleta binti aliyefunikwa khanga kumbe shangazi yake, mtacheka, mtatoa hela ya kufungulia mdomo, mtapewa soda. Swali lako linakuja mkishakula. Mzee atasogeza kiti aseme "eh kijana, hebu nieleze hizo shughuli zako". Hapo ndo penyewe.

Ila kabla ya kufika hapo kuna simu ya kupigwa, na anapiga binti sio wewe. Ampigie mama yake, sio baba. Aseme mama nilikosea, ni fundi, ana cheti na ana kibanda chake, niliona aibu ya bure. Mama atamkasirikia dakika tano alafu atajua mwenyewe saa gani ya kumwambia mzee, pengine akiwa ameshiba pengine baada ya taarifa ya habari, hiyo kazi wamama wanaijua kuliko mshenga yeyote.

Sasa ukiulizwa, usiseme "mimi ni fundi tu". Hiyo "tu" ndo inayokuangusha, sio ufundi. Mwaka jana jokofu langu liligoma kugandisha. Akaja fundi akajaza gesi nikalipa, wiki mbili likagoma, akaja tena akajaza nikalipa tena, likagoma tena. Akaletwa mwingine, kijana mdogo kama wewe. Huyu hakugusa gesi. Akaomba bakuli, akakoroga sabuni na maji, akachukua brashi akapaka yale maungio ya mirija ya shaba kwa nyuma, akachuchumaa anaangalia. Nikasimama naye jikoni pale naangalia na mimi. Baada ya muda kwenye kiungo kimoja kikatokea kipovu kidogo, kikavimba, kikapasuka, kikatokea kingine. Akasema "mama unaona, hapa ndo hela yako inapotokea". Akachomelea, akavuta hewa yote kwa pampu, ndo akajaza gesi mara moja na mpaka leo natengeneza barafu za watoto wa mtaa mzima. Yule kijana jina lake la pili silijui mpaka leo lakini ningemwozesha.

Unaelewa ninachokuambia? Mwambie mzee kitu kama hicho. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha daftari anampenda mtu anayetafuta kosa lilipo badala ya kupaka rangi juu. Mwambie na wale vijana wawili unawafundisha, hapo utakuwa umemwambia na wewe ni mwalimu bila kujisifu. Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, akawa waziri mkuu, akawa rais, na mpaka anafariki 1999 watu wanamwita Mwalimu, mzee wako hilo analijua vizuri kuliko mimi na litamfurahisha ukilichomekea.

Na onyo moja, ukisikia friji la ukweni linanguruma usivue koti. Najua mikono itawasha. Siku hiyo wewe ni mgeni, sema baba nitarudi na vifaa vyangu, urudi kweli.

Dada yangu habari za kazi. Nina miaka 41, mtumishi, nilihamia Dodoma na ofisi yetu nikitokea Dar ambako nilikaa tangu chuo. Watoto wako bweni. Mwezi uliopita jirani kanipeleka kwenye vikoba vyao, wageni tukaambiwa tusimame kila mtu aseme jina, kazi na anapenda kufanya nini akiwa hana kazi. Jina nikasema, kazi nikasema, la tatu nikakwama kabisa, mwisho nikasema napenda kulala. Wakacheka, na mimi nikacheka, ila nilivyofika nyumbani nililia dada. Nilijiuliza hivi kweli mimi sina kitu? Miaka yote ni ofisi, watoto, foleni, ofisi. Hata marafiki niliokuwa nao Dar sasa ni kutumiana maua asubuhi kwenye simu.
Mama Wawili, Dodoma

Mdogo wangu pole. Na nianze na kukupongeza kwa lile jibu, maana nina uhakika nusu ya wale waliosema wanapenda kusoma na kusafiri hawajafungua kitabu tangu form four na safari yao ni kwenda msibani.

Lakini nimekusoma, shida sio vikoba. Nikupe langu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye harusi, MC akasema marafiki wa mama mzazi wasimame kila mmoja amtambulishe mwenzake wa kulia. Kulia kwangu alikuwa shoga yangu tuliokua wote Bagamoyo hatujaonana miaka kumi na kitu. Nilimtambulisha vizuri, cheo chake, ofisi yake, watoto wake. Zamu yake ilipofika akachukua kipaza sauti akasema "huyu mnayemuona ametulia hivi, alikuwa anawafunga bao wazee wa barazani mpaka wakamkataza kukaa". Ukumbi mzima ukalipuka. Mimi nikabaki mdomo wazi kwa sababu nilikuwa nimesahau. Sio nimeacha, nimesahau kabisa kama niliwahi kuwa mtu wa bao.

Na ni kweli. Babu yangu alikuwa na bao la mninga, mashimo thelathini na mbili, kete sitini na nne za komwe zilizong'aa kwa jasho la mikono, na mimi nilijua kuchunga nyumba yangu, lile shimo la kete nyingi, nikiwa na miaka tisa. Nilijua kwenye namua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete, usitumie kete zote kwa pupa, nilijua ukishaingia mtaji, hatua ya pili, mwenye nyumba kubwa anaweza kukuzungushia kete mpaka ukasinzia. Wazee walikuwa wananipa kashata ili nikosee. Yote hayo yalikuwa kwa shoga yangu, kanitunzia, mimi mwenyewe sina.

Kwaiyo acha kujikagua peke yako usiku, hutapata kitu, utapata machozi tu. Mpigie mmoja wa wale wa maua ya asubuhi, umpigie sio umtumie ujumbe, mwambie nikumbushe bana mimi nilikuwa mtu wa nini chuo? Atakwambia ulikuwa unasuka wenzako bweni zima, au ulikuwa unaigiza sauti ya mlezi wa bweni, sijui, atakwambia. Na usitegemee kitu kikubwa. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha serikalini miaka mingi, asubuhi anahesabu ushuru wa watu, na nani leo anamkumbuka kwa ushuru? Sikwambii uandike mashairi, nakwambia hata yeye kitu chake hakikuwa kwenye barua ya ajira.

Halafu rudi vikoba. Usitafute tena nafasi ya kujitambulisha, ishapita. Hisa zako nunua kwa wakati, mfuko wa jamii changia, mwenzenu akifiwa nenda ukaoshe vyombo usikae kwenye viti. Kuna lile sanduku lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu, siku mmoja akihama wakisema ufunguo ashike yule mama aliyesema anapenda kulala, ujue wameshakujua.

Shangazi, nina stashahada ya ugavi, nimeitwa usaili wa mahojiano baada ya kupita mchujo wa kuandika. Nasikia kitu cha kwanza ni "tueleze kuhusu wewe". Mwenzangu alisema anapenda kusoma vitabu, wakamuuliza kitabu cha mwisho alichosoma, akanyamaza mpaka wakamwonea huruma. Mimi niseme nini?
Mtafutaji, Mwanza

Mwanangu, mwenzako kashakujibu, usiseme unapenda kitu ambacho huwezi kuulizwa maswali matatu ukajibu. Kama unapenda mpira sema mpira, ila sema unakusanya michango ya jezi za timu ya mtaa na daftari unashika wewe, kama ni kweli. Hapo mtu wa ugavi kaonekana bila kulazimisha.

Na usiwasomee cheti, wanacho mbele yao. Ulienda mafunzo kwa vitendo si ndio? Kule stoo kuna siku ulihesabu ukakuta leja inasema maboksi arobaini na kwenye rafu yapo thelathini na sita, ukarudi nyuma kwenye kadi mpaka ukaona yametoka Ijumaa jioni hayakuandikwa. Kila aliyepita stoo ana siku kama hiyo. Ielezee hiyo, kwa dakika mbili, alafu nyamaza. Watu wengi wanaharibu usaili kwa kushindwa kunyamaza. Na shikamoo toa ukiingia, usiulize kama inafaa.

Dada, mimi sina kazi kabisa. Nilikuwa dereva wa malori, nikapunguzwa mwaka jana. Kwenye shughuli nikiulizwa nafanya wapi nasema mjasiriamali. Ni vibaya?
Msomaji wa siku nyingi, Mbagala

Sio vibaya, ni kwamba hakuna anayeamini, hilo neno saa hizi ndo vazi la kila aliyepunguzwa kazini. Sema "nilikuwa dereva wa malori, saa hizi natafuta". Ukisema mjasiriamali watu wanasema hongera wanageukia pilau. Ukisema dereva natafuta, pale mezani kuna mtu shemeji yake ana Fuso limekaa. Siahidi, ila pilau haijawahi kumpa mtu kazi.

Na hii imekuja jana usiku kwa simu, naifupisha. Kijana wa Kigamboni, Simba wa kutupwa, wiki ijayo anaenda kwa wakwe na ukoo mzima ni Yanga, babu mtu anasema yeye ni wa Yanga ya tangu 1935 kabla hao Simba hawajazaliwa. Anauliza kwenye mambo anayopenda aseme au asiseme.

Mwanangu, najua hapo juu nimemwambia Fundi asifiche kitu kusubiri mahari. Nimesema na nasimamia. Ila hii ni Yanga jamani. Mpaka mahari ipokelewe wewe mpira huuangalii, unapenda riadha.