Maswali ya Wasomaji: Taa ya oili inawaka kwenye kona

SWALI: Fundi habari, mi niko Moshi, nina Subaru Impreza yenye injini ya EJ20 tabo, gari ya kutembelea tu ila nimeanza kuingia nayo kwenye mashindano. Juzi kwenye kona moja ndefu nimeikanyaga kweli, taa ya oili ikamulika, nilivyonyoosha ikazima. Dipstiki inasoma katikati. Fundi wangu anasema niweke oili nzito, ni sahihi?

JIBU: Kaka, pole, na tafadhali usiikimbize tena hiyo gari kwanza. Oili nzito haitakusaidia kwa sababu tatizo si wepesi wa oili, tatizo ni kwamba oili haipo pale bomba la pampu linaponyonya. Ushawahi kukaa nyuma ya pikapu iliyobeba ndoo ya mbege inashuka kutoka Kibosho? Ikikata kona mbege yote inapanda upande mmoja. Kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) ni hivyo hivyo, kona ikiwa ndefu oili inalala pembeni, pampu inavuta hewa, na beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) zinasagana na krenki, ule mhimili mkuu wa injini, kavukavu. Halafu Subaru silinda hedi zake zimelala ubavuni, kwa hiyo kwenye kona oili nyingine inakwama huko inachelewa kushuka.

Hiyo taa ya kiwandani inawaka presha ikiwa imeshakaribia sifuri, yaani ukiiona ujue beringi zimeshaumia kidogo. Mi nilishafungua injini ya namna hii hapa Arusha, mwenyewe ananiambia taa iliwaka sekunde tu, lakini beringi niliyoitoa ilikuwa imechubuka mpaka rangi ya shaba imetokea na oili ya kwenye sampo ukiipaka kidoleni inametameta. Iliniuma sana, injini ilikuwa nzima kabisa.

Sasa fanya hivi. Jaza oili mpaka F (alama ya juu ya dipstiki), kutoka L (alama ya chini) mpaka F ni karibu lita 1 nzima na wewe ulikuwa unakimbia bila nusu yake, siku ya mashindano wengi wanazidisha kama nusu lita juu ya F lakini usipitilize hapo maana krenki itaichapa itoe povu. Shusha sampo, mchomeleaji mzuri akuwekee vibati vya kuzuia oili isikimbie kuzunguka lile bomba, na ukiwa hapo chini kagua bomba lenyewe, kwenye EJ linajulikana kwa kupasuka pale lilipochomelewa, likipasuka linavuta hewa hata kwenye barabara iliyonyooka. Angalia pia kama sampo imebonyea kwa mawe, ikibonyea inaziba mdomo wa bomba. Mwisho funga geji ya presha ya oili, oili ikiwa ya moto utegemee kama psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila rpm 1000 (mizunguko ya injini kwa dakika), ikianguka kwenye kona toa mguu hapo hapo.

SWALI: Nina Altezza, niko Njiro, dry sampo (oili kukaa kwenye tangi la pembeni badala ya chini ya injini) ni lazima kuzuia hilo tatizo la kwenye kona?

JIBU: Hapana dada, hiyo ni hela nyingi sana kwa gari ya barabarani. Anza na vibati, bado ikisumbua weka mtungi wa akiba, unatunza oili kwa mgandamizo wa hewa, presha ikishuka tu unaimwaga kwenye injini. Ila ufunge vizuri kabisa usichezecheze, na valvu yake uifunge kabla hujazima injini, ili kesho yake uifungue kabla hujawasha, oili itangulie kufika kwenye beringi.