Stelingi inalia ukikata kona: mwaga oili kwanza kabla hujanunua pampu

Mkuu umeuliza kama stelingi kuwa nzito asubuhi na kulia ukikata kona hadi mwisho ni lazima ubadilishe pampu kama fundi alivyokwambia. Anza na oili aisee. Yangu ililia hivyohivyo miezi kadhaa, nami niliambiwa pampu, na pampu ileile ndo iko kwenye gari mpaka leo.

Cheki kwanza kama gari yako ina oili ya stelingi, maana nyingi za siku hizi stelingi yake ni ya umeme, ukifungua boneti hukuti kopo lolote la oili hiyo. Kama lipo, chovya tishu nyeupe. ATF (oili ya gia otomatiki, ambayo stelingi nyingi zinaitumia pia) ikiwa bado nzima ni nyekundu inayopitisha mwanga, yangu ilitoka nyeusi na inanuka kuungua.

Aina ya oili soma kwenye kifuniko au kitabu cha gari. Toyota nyingi za zamani wanatumia ATF ya Dexron, Honda wana ya kwao, baadhi ya gari za Ujerumani wanataka ile ya kijani. Usichanganye, na oili ya breki isiingie humo hata tone, inavimbisha sili za mpira utakuja kununua raki nzima (ile sehemu ya chini inayogeuza tairi za mbele). Gari ndogo mfumo unabeba kama lita 1, wewe nunua 2 maana nyingine ni ya kusukumia uchafu.

Sasa kazi. Weka kigingi tairi za nyuma, piga jeki mbele tairi zote mbili zielee, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Nyonya oili ya kwenye kopo na sirinji kubwa. Hapa usiharakishe, mulika ndani na tochi. Mimi nilikuta chini kuna chujio dogo la nyavu limezibwa na utelezi mweusi, nikigusa na kijiti unavutika kama grisi. Nikalichomoa kopo nikaliosha hadi nyavu zikaonekana. Pampu inanyonya kupitia hapohapo, ikikosa oili inavuta hewa, na ule mlio wa asubuhi oili ikiwa baridi na nzito ndo huo.

Kopo lina hosi mbili, nene inashuka kwenye pampu, nyembamba inarudi toka kwenye raki. Chomoa nyembamba, ziba ule mdomo ulioachwa wazi kwenye kopo, unganisha hosi na mpira unaoonyesha ndani uupeleke kwenye chupa tupu. Wengi wanasema washa injini isukume, mimi mara ya kwanza niliwasha, kopo likakauka nikiwa bado nafungua chupa ya pili na pampu ikapiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena, nikahangaika siku mbili kutoa hewa. Kwa hiyo usiwashe. Fungua loki ya stelingi na ufunguo, injini imezimwa, mtu mmoja azungushe usukani taratibu kulia mpaka kushoto, wewe unamimina mpya na kopo lisishuke chini ya nusu. Utaona kwenye mpira weusi unageuka kahawia halafu wekundu, ukiwa mwekundu safi acha.

Rudisha hosi, jaza hadi alama ya COLD, zungusha tena usukani kama mara 20 injini ikiwa imezimwa mpaka mapovu yaishe. Ndo uwashe sasa, na ukifika mwisho wa kona usishikilie, gusa urudi. Ukiona oili imekuwa na povu la pinki pinki hiyo ni hewa, zima uiache hata saa nzima itulie kisha urudie. Iliyomwagikia ekzosi futa kabisa kabla hujawasha, inashika moto. Ile chafu iweke kwenye dumu pamoja na oili chakavu ya injini, usimwage chini.

Yangu mlio uliisha kesho yake. Wako ukibaki hata baada ya hewa yote kutoka hapo sasa zungumzia pampu. Na kiwango kikishuka tena ujue inavuja, hii oili hailiwi kama ya injini, bonyeza zile raba zenye mikunjo kwenye ncha za raki, ukihisi majimaji ndani basi sili ya raki imeshakufa.