Maswali na Majibu: Walioitwa Wakasita

Swali: Mwalimu, usharika umenipendekeza niwe mzee wa kanisa, na moyo wangu unakataa kabisa. Nikikataa nitakuwa nimemwasi Mungu?

Dada yangu, soma Kutoka 3 na 4 taratibu. Mbele ya kijiti kinachowaka, Musa alitoa pingamizi tano. Mimi ni nani hata niende kwa Farao? Wakiuliza jina lako niseme nini? Wasiponiamini je? Ulimi wangu ni mzito. Hizo nne zilijibiwa kwa subira: akapewa ahadi, jina na ishara. Hasira ya Bwana iliwaka kwenye ya tano, Musa aliposema atumwe mtu mwingine, maana hapo hoja zilikuwa zimekwisha. Na hata katika hasira hiyo alipewa Haruni wa kumsemea.

Kwa hiyo usikimbilie ndiyo wala hapana. Waeleze waliokupendekeza kinachokutisha hasa. Kama una mgonjwa wa kuuguza nyumbani, sema. Hiyo ni sababu ya haki, na sioni andiko la kukulazimisha.

Swali: Sauli naye alijificha asiwe mfalme. Mbona Musa anasifiwa na Sauli analaumiwa?

Mahubiri mengi huruka mwanzo wa Sauli, na ndiko jibu liliko. Alitoka kutafuta punda wa baba yake, akarudi amepakwa mafuta ya ufalme na nabii Samweli. Ndugu wa baba yake alipotaka kujua aliambiwa nini na Samweli, Sauli alisimulia habari za punda, za ufalme akazimeza. Siku ya kumpata mfalme kwa kura kule Mispa akatafutwa asionekane, kumbe amejificha penye vyombo.

Wengi huita huo unyenyekevu. Mimi naona kuogopa macho ya watu, kwa sababu woga uleule unarudi akiwa tayari ana taji kichwani. Baada ya vita na Waamaleki anamwambia Samweli kwamba ametimiza neno la Bwana, huku kondoo wa nyara, walioagizwa kuuawa, wanalia. Samweli anauliza: mlio huu wa kondoo ni wa nini basi? Sauli anawasukumia watu lawama, mpaka inambidi akiri: "naliwaogopa wale watu, nikaitii sauti yao." (Amri yenyewe, ya kuwaua Waamaleki hadi watoto wachanga, hunitesa kila niisomapo, na sitaipamba.)

Musa alibishana na Mungu, kisha akasimama mbele ya Farao. Sauli, ukiacha yale aliyomwambia Samweli kwamba jamaa yake ni ndogo, hakumpelekea Mungu hofu yake. Alikaa nayo, na siku ya kuamua ikamtawala.

Swali: Kutii si kunyamaza basi?

Si kunyamaza. Ibrahimu aliiombea Sodoma akimshusha Mungu kutoka wenye haki 50 hadi 10. Ni kweli, ni yeye huyohuyo aliyeamka alfajiri kwenda Moria na Isaka bila neno la kupinga. Mwanzo imeyaweka yote mawili. Na wakunga Shifra na Pua walimcha Mungu, wakakataa kuua watoto wa kiume ingawa Farao aliwaagiza. Anayetumia Warumi 13, inayosema kila mtu awatii wenye mamlaka, kuwanyamazisha waumini aanze kwanza na wanawake hao.

Swali: Yona alitii kwa hasira. Utii wa namna hiyo unahesabika?

Kwa watu wa Ninawi ulihesabika, maana walipona. Kwa Yona mwenyewe kazi ilikuwa bado, na sura ya nne inamwacha akiulizwa swali asilolijibu. Wayahudi husoma kitabu hiki alasiri ya Yom Kippur, siku ya toba, na naona wamekiweka mahali pake.

Swali: Mimi sisiti, natamani uongozi. Nina kasoro?

Huna. 1 Timotheo 3 inasema anayetaka uaskofu anatamani kazi njema, kisha inaorodhesha masharti: asiwe mgomvi, asipende fedha, aisimamie nyumba yake vema. Na kumbuka mfano wa Yothamu katika Waamuzi 9, wa miti iliyotafuta mfalme: mzeituni, mtini na mzabibu ilipokataa kutawala, ni mwiba uliokubali. Wengine huutumia kusema watu wema wajitenge na uongozi. Mimi nausoma kinyume, kwa sababu mfalme Abimeleki, aliyekuwa mwiba huo, alikwisha kuwachinja ndugu zake: wema wakikataa, watu kama yeye hushika nafasi. Jitokeze. Ila kabla ya kikao, waombe wanaoishi nawe nyumbani wakupime kwa orodha ile.