Kupanda Formula Rossa na mtoto

Shoga, umesema unakwenda Dubai kufuata mzigo, mwanao kang'ang'ania mpande Formula Rossa, na unaogopa foleni na moyo wako. Kwanza, rola kosta hiyo (treni ya kasi ya kujifurahisha) iko Abu Dhabi, kwenye bustani ya michezo ya Ferrari World. Itengeeni siku nzima. Fikeni kabla ya geti kufunguliwa, na mkiingia tu nendeni moja kwa moja hapo; mengine baadaye. Wanaosubiri siti za mbele hukaa sana, kwa hiyo kubalini siti yoyote.

Mtoto mpime urefu huku huku Mwanza, ulinganishe na kipimo kilicho kwenye tovuti yao. Akipungua, hawabembelezeki.

Kuhusu moyo: inafika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde 5 hivi. Ndiyo maana mnapewa miwani ya kukinga macho. Egemeza kichwa nyuma kabla haijafyatuka, usikiinamishe kumtazama mtoto. Simu, hereni ndefu na mtandio acha kwenye kabati. Asubuhi hiyo mnywe chai nyepesi tu. Ila kama una presha au mimba, tafadhali dada, usipande; apande yeye.