Maswali yenu ya mwezi: Ulimi umeleta kesi shuleni

Mwezi huu sijui kuna nini, meseji za urithi zimejaa mpaka nikajiuliza kama mmekaa kikao. Nimechukua tano. Ya kwanza ndo nimeikalia zaidi, nyingine nimezijibu fupi fupi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Na mimi ni mwalimu, nafundisha sayansi sekondari moja huku Muheza na nasimamia klabu ya sayansi ya kidato cha kwanza na cha pili. Nilitaka watoto waelewe urithi kwa njia ya kuchangamsha, nikawaambia kila mtu akaangalie nyumbani nani anaweza kukunja ulimi ukawa kama mrija na nani hawezi, na ndewe za masikio zimeachia au zimeshikana, wajaze jedwali. Nikawaambia kukunja ulimi ni jeni inayotawala, yaani ukiwa na nakala yake hata moja inaonekana, kwahiyo wazazi wote wawili kama hawakunji hawawezi kupata mtoto anayekunja. Kumbe kuna binti mmoja yeye anakunja vizuri tu, baba hawezi, mama hawezi. Kesho yake baba mtu yuko shuleni hata kengele haijagonga, ananiuliza mbele ya mkuu wa shule, "We mwalimu unamaanisha nini?" Tulimtuliza kwa shida. Nimekosea wapi, na sasa nifundisheje?

JIBU: Marahaba mwalimu mwenzangu. Pole, na yule baba naye apewe pole yake, maana fikiria mtu katoka shamba kachoka, mtoto anamwambia "baba toa ulimi", anautoa kwa furaha zote, halafu kwenye daftari la mtoto anakuta ndoa yake ina walakini.

Kosa si lako peke yako, hilo zoezi limezunguka kwenye vitabu miaka na miaka. Asili yake ni Alfred Sturtevant, Mmarekani, na huyu hakuwa mtu wa kubahatisha, ni bingwa kweli wa jenetiki. Mwaka 1940 akaandika kwamba kukunja ulimi inaelekea kunaamuliwa na jeni moja. Watu wakaipenda kwasababu ni rahisi, haina gharama na darasa linacheka. Mwaka 1952 Philip Matlock akafanya kitu kidogo sana lakini cha akili, akachukua jozi 33 za mapacha wa kufanana akawaambia wakunje ulimi, na kwenye jozi 7 mmoja anakunja mwenzie hawezi. Sasa mapacha wa kufanana jeni zao ni zilezile, wametoka kwenye yai moja, kama ni jeni moja tu ndo inaamua hao wametofautiana kwa lipi? Sturtevant mwenyewe mwaka 1965 alikiri kwamba anaona aibu kukuta bado inaandikwa kama jambo lililothibitishwa. Ndo hiyo hiyo tunafundisha mpaka leo.

Ndewe ni vilevile. Hebu pita darasani uziangalie kwa macho yako, utakuta zilizoachia, zilizoshikana na nyingi sana ambazo ukiulizwa unabaki unakuna kichwa, kwasababu jeni zinazohusika ni nyingi.

Kwahiyo cha kwanza kabisa rudi darasani uwaambie mlivyofundishwa wiki ile sivyo. Usimtaje binti wala baba yake. Waambie hadithi ya mapacha wa Matlock tu, halafu waulize wenyewe, "Mnaona shida iko wapi?" Watajibu, hawa watoto sio wajinga. Na yule baba mpigie simu ujumbe umfikie kutoka mdomoni kwako, usisubiri mtoto apeleke, kama ulivyoona mtoto akipeleka inafika vipi.

Sasa ufundishe na nini. Mimi nasema sura za wazazi ziache kabisa. Darasani kwako kuna mtoto analelewa na bibi, kuna wa baba wa kambo, kuna ambaye siri ya nyumbani kwao hata yeye haijui, na wewe unampa jedwali la kujaza. Tumia kuku.

Kuku kishingo unawajua, wale wenye shingo tupu kama wamenyonyolewa nusu, Muheza nina hakika hamkosi. Shingo ile ni jeni moja kwelikweli. Kila kuku ana nakala mbili za maelekezo ya shingo, moja kapewa na mama moja kapewa na baba. Akiwa na nakala mbili za kawaida, shingo ina manyoya. Akiwa na mbili za kishingo, shingo tupu, labda vinyoya viwili vitatu. Utamu sasa uko kwa mwenye moja moja: shingo yake tupu lakini kwa mbele, chini huku juu kidogo ya pale chakula kinapokaa kabla hakijashuka, ana kishada cha manyoya, kama kavaa tai. Wengi tumeishi na hao kuku tangu utotoni na hatujawahi kukiona hicho kishada mpaka mtu atuonyeshe. Yaani jeni ambayo kwenye kitabu ni herufi mbili tu, hapa mtoto anaisoma kwenye shingo ya kuku akiwa kachuchumaa uani.

Watume wakahesabu. Jogoo mwenye kishada akipanda tetea wa kawaida, vifaranga karibu nusu wanatoka na kishada na nusu kawaida. Wenye kishada wote wawili wakikutana, robo shingo tupu, nusu kishada, robo kawaida. Na hauhitaji kungoja wakue, kifaranga kishingo anajulikana siku ileile anapototolewa.

Watakuja na hesabu zisizokaa sawa, wa kwanza atakwambia "sisi kati ya tisa kishingo wako saba". Usimkatishe tamaa na usimruhusu arekebishe ili ilingane na kitabu! Chukua hesabu za watoto wote ziandikeni ubaoni mzijumlishe, hapo ndo uniletee Mendel. Yule padri wa Brno, mji ambao leo uko Jamhuri ya Czech, alipanda njegere kuanzia 1856 kwenye bustani ya monasteri, kazi yake ikachapishwa 1866, na katika kizazi cha pili alihesabu punje 5,474 za duara na 1,850 za makunyanzi. Gawanya uone, ni karibu tatu kwa moja, lakini sio tatu kamili. Angekuwa na punje nane tu asingeona kitu. Watoto wakishaona hesabu zao wenyewe zinavyotulia kadri idadi inavyoongezeka, wamemuelewa Mendel kuliko wakikariri kisanduku chenye herufi.

Tatizo la kuku wa kienyeji ni kwamba baba hana uhakika, kuna jogoo wa jirani hapo. Hilo waachie walicheke na walijadili, ni somo pia, na hakuna kuku atakayekuja ofisini kwa mkuu.

Kitu kingine, epuka kuwaambia jeni fulani "ina nguvu" na nyingine "dhaifu". Wanaelewa kwamba yenye nguvu ni nzuri, au mwisho itaimaliza nyingine, au lazima ndo iwe kwa watu wengi. Mimi nasema "inayoonekana" na "inayojificha", zinatosha kwa umri huo.

SWALI: Mwalimu habari, mimi ni mama wa Mwanza. Mimi na mume wangu tulipimwa wote tukakutwa ni AS, na mtoto wetu wa kwanza ana selimundu. Nesi alituambia ni mmoja kati ya wanne. Mama mkwe anasema basi zamu imeshapita, watatu wanaokuja wako salama. Ni kweli?

JIBU: Hapana dada, na pole kwa kuuguza. Mama mkwe hajasema kwa ubaya, hata walimu wa hesabu nimewasikia wakiteleza hapo hapo.

Chukua sarafu mbili za shilingi 200. Upande wa Mzee Karume uite A, nakala ya kawaida ya jeni, upande wa simba uite S, nakala ya selimundu. Sarafu moja ni wewe, nyingine ni mumeo. Zirushe pamoja. Karume wawili, mtoto AA. Karume na simba, mtoto AS kama nyie, ambaye kwa kawaida haumwi. Simba wawili, mtoto SS, ndo selimundu. Rusha mara 40 uandike, utaona simba wawili wanatokea mara kama kumi hivi, lakini angalia vizuri wanavyokuja: saa nyingine wanafuatana mara mbili, saa nyingine unarusha kumi na tano hawapo. Sarafu haina daftari la kukumbuka jana ilitoa nini. Kila mimba ni kurusha upya, robo ni SS, nusu ni AS, robo ni AA, iwe mtoto wa pili au wa saba. Mwalimu wa Muheza naye achukue hii ya sarafu, siku kuku wamelala inafaa darasani.

Nakuomba mambo mawili. Mkipata mwingine apimwe mapema sana akishazaliwa, msisubiri mikono na miguu ivimbe, na kabla ya hapo kaeni na daktari mzungumze wote wawili, mume awepo. La pili, usikubali mtu akwambie ni mkosi wa ukoo. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, mwaka 1954 alionyesha kwamba mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndo maana S imejaa kwenye maeneo yenye mbu, ziwani huko kwenu na pwani huku kwetu. Mababu zetu walio na S moja walipona malaria utotoni wakakua wakazaa, na S ikaja nao. Ila AS sio chandarua, laleni kwenye neti.

SWALI: Nina mabinti watano mwalimu, ukweni wameanza kumtafutia mume wangu mke wa kumzalia dume. Nisaidie la kuwajibu.

JIBU: Jinsia ya mtoto inaamuliwa na kromosomu, vifurushi vya jeni, viwili vinaitwa X na Y. Wewe una X na X, kwenye kila yai unachoweza kutoa ni X tu. Mumeo ana X na Y, mbegu yake ikibeba X ni binti, ikibeba Y ni mvulana. Kwahiyo kama ni kesi mshtakiwa ni mtoto wao, na hata yeye hana kosa maana hachagui mbegu ipi itangulie. Mabinti watano mfululizo sio ajabu yoyote, kwenye familia 32 zenye watoto watano, kwa wastani moja inakuwa ya mabinti watupu. Na wa sita ni nusu kwa nusu kama kawaida, huyo mke mpya hana Y ya kuwaletea. Wasomee hii kwa sauti.

SWALI: Mimi ni mkulima Kilifi. Nilipanda mahindi meupe, mbegu ya dukani, lakini nikivuna nakuta hindi jeupe lina punje za manjano zimetawanyika kama mtu amezichomeka. Mwenye duka aliniuzia mbegu mbovu ama ni nini?

JIBU: Kabla hujamwendea mwenye duka, angalia shamba la jirani. Kuna mtu hapo upande upepo unapotokea kapanda ya manjano. Kila ule unywele mmoja wa hindi unaenda kwenye punje moja, na kila unywele unapokea chavua yake peke yake, kwahiyo hindi moja lina watoto mia kadhaa, mama mmoja, baba tofauti tofauti. Rangi ya manjano inakaa kwenye wanga wa ndani ya punje, na ule wanga una mchango wa baba, ndo maana jirani anaonekana msimu huohuo hata hujapanda tena. Embe halifanyi hivyo, nyama ya embe ni ya mama mtupu, ngowe litabaki ngowe hata chavua itoke kwa dodo, hadi upande kokwa lake ndo uone maajabu.

Ukitaka meupe matupu panda mbali naye, mita 200 na zaidi, ama mpishane wiki nne hivi za kupanda ili yasichanue pamoja. Kwa kula hayana shida. Na lile hindi moja ukipata nafasi lipeleke shule ya karibu, mwalimu atakushukuru.

SWALI: Mimi ni wa kidato cha kwanza. Mbwa wetu tumemkata mkia, na baba yake pia alikatwa. Tukiendelea kukata kila mtoto, mwisho watazaliwa bila mkia?

JIBU: Swali lako aliliuliza Mjerumani mmoja, August Weismann, miaka ya 1880. Akakata mikia panya weupe, akawazalisha, akakata tena, vizazi vitano, watoto 901 wakazaliwa na wote walikuwa na mikia yao. Kisu hakifiki kwenye yai wala kwenye mbegu, na mtoto anatengenezwa kwa maelekezo yaliyo humo tu. Ila usingehitaji panya 901 kujua, muulize babu yako sisi wa pwani tumetahiri vizazi vingapi, halafu muulize ngariba kama amewahi kukosa kazi.