Barua za kuomba linki: kwa nini hawakujibu

Mkuu, nimeisoma barua uliyoibandika, ile unayowatumia wenye blogu za safari wa Ulaya na Marekani ukiwaomba waweke linki ya tovuti yako ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Umeuliza kama tatizo ni Kiingereza. Kiingereza chako hakina neno. Tatizo ni kwamba barua nzima inakuhusu wewe: kampuni ina miaka mingapi, tovuti ni mpya, linki itakusaidia kupanda Google. Kuhusu ukurasa wa huyo unayemwomba umesema tu kwamba ni mzuri sana, na sifa hiyo anatumiwa kila siku na watu ambao hata hawakuufungua.

Nimeziandika barua hizi kwa miaka kadhaa, za tovuti ya utalii hapa Moshi na baadaye za wateja wengine. Zilizojibiwa ni zile zilizomwonyesha mwenye tovuti kitu cha kurekebisha kwake mwenyewe, leo hii, hata kama linki hatoi.

Chukua orodha za vitu vya kubeba. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia 1 Juni 2019, lakini bado zipo blogu zinazomshauri mpandaji afungie nguo zake kwenye mifuko hiyo zisilowe. Mgeni akitua nayo KIA anatakiwa aiache. Hakuna mwandishi anayependa msomaji wake aumbuke uwanja wa ndege kwa ushauri wake. Mwingine utakuta kaandika kwamba njia ya Marangu watu wanalala kwenye mahema, wakati ndiyo njia pekee yenye vibanda: Mandara, Horombo na Kibo. Wapo pia wanaoitaja Mweka kama njia ya kupandia, kumbe ni ya kushukia. Wewe makosa haya unayaona kwa kupitisha jicho tu, maana mlima unaujua kwa miguu. Mhariri aliyekaa Manchester hana namna ya kuyaona. Huo ndio mtaji wako, na kwenye barua yako haumo kabisa.

Kwa Kiswahili ningeandika hivi, kisha uitie Kiingereza chako:

"Habari (jina lake). Kwenye orodha yako ya vitu vya kubeba Kilimanjaro, sehemu ya nguo inashauri mifuko ya plastiki. Tanzania iliipiga marufuku tangu 1 Juni 2019, na wageni huiacha uwanjani. Vifuko vya zipu vya kuwekea sabuni na dawa ya meno vinaruhusiwa. Nimeeleza kwa picha tunachotumia badala yake hapa: (linki). Ukiona ukurasa huo utawafaa wasomaji wako, unaweza kuutaja hapo. La sivyo, kuirekebisha tu ile sentensi kunatosha. Mimi ni kiongozi wa wapanda mlima, Moshi."

Basi. Wapo wanaofundisha ulifiche kosa kwanza, uandike "nimeona tatizo kwenye ukurasa wako, nikutumie?" ili akujibu. Sikubaliani nao. Unamwachia mtu fumbo kama tapeli, na atakufuta kama tapeli. Mpe taarifa yote. Akirekebisha bila kukupa linki, hukudhurika kitu.

Na linki iende kwenye ukurasa unaojibu jambo lile lile. Usimpeleke kwenye ukurasa wa mwanzo wala wa bei, maana hapo umemgeuza mpiga debe wako. Kama ukurasa huo huna, uandike kabla ya barua. Ndiyo, hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko barua yenyewe.

Mlango mwingine ni linki zilizokufa. Tafuta blogu za zamani zinazoelekeza kwenye tovuti za utalii ambazo hazipo tena. Ifungue ile anwani iliyokufa kwenye Wayback Machine, tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za zamani, uone ilikuwa inaeleza nini, kisha mwambie mwenye blogu ni linki ipi haifunguki na wewe una nini kinachoziba pengo hilo.

Utajibiwa pia na wanaokutajia bei. Kununua linki ili upande kwenye matokeo ni kuvunja kanuni za Google, na tangu Google walipotoa sasisho lao la Penguin, la kupambana na linki za hila, Aprili 2012, tovuti nyingi zimeporomoka kwa sababu hiyo. Shukuru, kaa kimya.

Mambo ya ufundi: tuma kutoka anwani yenye jina la tovuti yako, na mwambie fundi wako aweke SPF na DKIM, yaani mipangilio inayothibitisha kwamba barua kweli imetoka kwako, kwa sababu tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza, na barua isiyothibitishwa inaishia kwenye spamu. Kumbusha mara moja baada ya wiki. Ya pili ni usumbufu.

Hayo yote ni kwa wazungu. Hoteli na vyuo vya hapa nyumbani ni habari nyingine. Anwani ya info@ mara nyingi haina mtu anayeifungua, na mwenye hoteli nywila ya tovuti hana, anayo kijana aliyemtengenezea. Piga simu, salimia vizuri, jitambulishe, omba namba ya huyo kijana, mmalizane WhatsApp. Barua itafuata kama bosi atataka kitu cha maandishi, na hiyo iandike kwa Kiswahili cha heshima.

Bandika hapa ukurasa wako wa Marangu, kama unao, pamoja na blogu tatu unazozilenga. Nikitoka kazini jioni nitazipitia nikuonyeshe kosa liko wapi kwenye kila moja.